Mwenyekiti anataka nisaini barua za kodi. Nisaini?

Barua

Mjomba, shikamoo.

Mimi na mume wangu tunaishi Texas na watoto wetu wawili. Mimi ni nesi wa kuajiriwa, yeye ana lori lake na anabeba mizigo kwa kujitegemea. Tumo kwenye jumuiya ya Waswahili wenzetu hapa, Watanzania, Wakenya na watu wa Kongo ya mashariki, na mwishoni mwa mwaka jana walinichagua kuwa katibu. Nilikubali nikidhani kazi ni kuandika mihtasari ya vikao tu.

Ada yetu ni dola 240 kwa mwaka. Ndani yake kuna sherehe ya wanachama ya kufunga mwaka, na kuna mfuko wa msiba: mwanachama ambaye hadaiwi ada akifiwa na mwenzi au mtoto, au akifariki mwenyewe, familia inapewa dola 8,000 za kuzika hapa au kusafirisha mwili nyumbani. Mfuko ukipungua, kila nyumba inachangishwa dola 50. Mwaka jana tulichangishwa mara kadhaa.

Sasa msimu wa ritani, zile fomu za kodi za kila mwaka, umefika. Mwenyekiti ametangaza kwenye kundi la WhatsApp kwamba jumuiya yetu ni shirika lisilo la faida, imesajiliwa na jimbo na ina namba ya IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, kwa hiyo ada zote pamoja na michango ya misiba tunaruhusiwa kuitoa kwenye mapato yetu kabla ya kutozwa kodi. Akamalizia: "Katibu atawapa barua." Mfano wa barua alionitumia unasema mwanachama ametoa mchango wa hisani na hakupokea chochote kwa malipo yake. Nilipomuuliza kwa upole kama tuna barua ya IRS inayoturuhusu, akanijibu, "Mwanangu, wewe saini tu, vikundi vyote vinafanya hivyo."

Mjomba, huyu mzee ndiye aliyetupokea uwanja wa ndege tulipofika nchi hii. Tulilala kwake mpaka tukapata nyumba. Kumkatalia mbele za watu siwezi, na usingizi umenipotea. Mume wangu anasema nisiguse kalamu. Ndugu mmoja kwenye jumuiya naye anasema huandika dola 900 kila mwaka na hajawahi kuulizwa.

Naomba unieleze ukweli wa hizi ada. Na kwa kuwa nimeshakuandikia, nieleze pia hizi nyingine: ada yangu ya chama cha wauguzi, ada ya mume wangu ya chama cha wenye malori (dola 300), kadi ya mwaka ya makumbusho ya watoto (dola 120), zaka ya kanisani dola 300 kila mwezi, na dola 500 ambazo mume wangu alituma kwenye shule ya msingi aliyosoma kijijini kwao. Nyumba tunapanga, na ritani yetu tunajaza pamoja.

Katibu Asiyelala, Texas

Jibu

Marahaba mwanangu. Mume wako yuko sahihi, usisaini.

Mzee wenu simwiti mwongo. Amechanganya mambo matatu ambayo hata wasomi huyachanganya. La kwanza ni kikundi kuwa shirika lisilo la faida. Hilo ni suala la jimbo: mnapeleka karatasi kwa ofisi ya usajili ya Texas, mnalipa ada, mnapewa cheti. La pili ni kikundi chenyewe kusamehewa kodi ya mapato ya shirikisho, na hilo ni suala la IRS. La tatu ni wewe uliyetoa pesa kuruhusiwa kuiondoa kwenye mapato yako yanayotozwa kodi. Cheti cha jimbo kinathibitisha la kwanza peke yake. Ile namba ya IRS anayoitaja haithibitishi hata moja, kwa sababu hutolewa kwa yeyote anayeiomba ili afungue akaunti ya benki au aajiri watu. Hata duka la simu linayo.

Sheria ya Marekani inasamehe kodi aina nyingi za mashirika chini ya kifungu 501(c), na kila aina ina namba yake kwenye mabano. Mashirika ya hisani, dini, elimu na sayansi yako chini ya 501(c)(3). Ya ustawi wa jamii na uraghibishi yako kwenye (4), vyama vya wafanyakazi kwenye (5), vyama vya wafanyabiashara na wanataaluma kwenye (6), vilabu vya starehe na michezo kwenye (7). Yote hayo yanaweza yasilipe kodi ya mapato. Lakini mtu wa kawaida anayetaka mchango wake uhesabiwe kuwa wa hisani anaangalia (3), pamoja na aina chache nyingine ambazo kwenu hazihusu. Ndiyo maana klabu ya gofu inaweza isilipe kodi, na mwanachama wake asipate punguzo hata la senti.

Tuseme basi jumuiya yenu inayo 501(c)(3). Bado barua ile haiandikiki. Mchango wa hisani maana yake umetoa bila kupata kitu cha thamani inayolingana na ulichotoa. Ukipata kitu, kinachohesabika ni kile kilichozidi thamani yake. Ninyi mnapata sherehe, na juu ya hapo mna haki ya dola 8,000 ambayo asiyelipa ada hana. Hiyo ni bima ya kusaidiana. Ni jambo jema sana, na watu wetu wamezikana kwa njia hii tangu zamani, lakini mbele ya IRS bima unayojinunulia si sadaka. Zile dola 50 za kuchangishwa nazo zina kikwazo cha pili: zinakusanywa kwa ajili ya familia inayojulikana kwa jina, na mchango unaoelekezwa kwa mtu maalumu haukatwi kwenye mapato yanayotozwa kodi, hata awe na shida kiasi gani na hata upitie kwenye shirika lenye 501(c)(3) safi.

Kwa hiyo sentensi ya "hakupokea chochote kwa malipo yake" si kweli, na wewe unajua si kweli. Hapo ndipo suala linapotoka kwenye ada na kuingia kwenye saini yako. Sheria ina adhabu kwa mtu anayesaidia kutayarisha hati akijua itampunguzia mwingine kodi isivyo halali: dola 1,000 kwa kila mlipakodi aliyesaidiwa, kwa kila mwaka wa kodi. Hesabu wanachama wenu. Ikithibitika ilifanywa kwa makusudi, kuna hata kifungu cha jinai. Mwanachama mwenyewe akikamatwa hurudisha kodi na riba, na mara nyingi huongezewa asilimia 20 ya kile alichopunguza.

Sasa nikuonyeshe kinachonichekesha kidogo. Punguzo hili halitolewi kwenye kodi yenyewe, linatolewa kwenye mapato kabla ya kodi kukokotolewa. Aliye kwenye ngazi ya kodi ya asilimia 12, dola 240 zingempunguzia dola 28.80. Na hizo angezipata tu kama anaorodhesha makato yake kwenye Jedwali A la Fomu 1040, ile ya ritani ya mtu binafsi, badala ya kuchukua punguzo la kawaida, yaani kiasi kilichopangwa na sheria ambacho unaondoa bila kuorodhesha chochote. Kwa mwaka wa kodi 2025, punguzo la kawaida la wanandoa wanaojaza pamoja ni dola 31,500. Ninyi mnapanga, hamna riba ya mkopo wa nyumba wala kodi ya majengo. Zaka yenu ni dola 3,600. Hata ukiongeza kodi ya mauzo mliyolipa madukani mwaka mzima, hamfiki karibu na 31,500. Mtachukua punguzo la kawaida, na michango yote uliyoitaja haitabadilisha ritani yenu ya 2025 hata kidogo. Nadhani nyumba nyingi za jumuiya yenu ziko hivyo hivyo. Mzee anakuomba ujiweke hatarini kwa ajili ya punguzo ambalo wengi wao hawatalipata.

Kuanzia mwaka wa kodi 2026 mambo yanabadilika. Sheria iliyotiwa saini Julai 4, 2025 inamruhusu hata anayechukua punguzo la kawaida kuongeza juu yake michango ya pesa taslimu kwa mashirika ya hisani: hadi dola 1,000 kwa mtu mmoja, na 2,000 kwa wanandoa wanaojaza pamoja. Hundi, kadi na kutuma kwa simu vyote huhesabiwa taslimu. Zaka yenu peke yake inajaza hizo 2,000 na kubaki, kwa hiyo hata ada ya jumuiya ingekuwa halali isingewaongezea kitu. Mkisikia mtu anatangaza "sasa kila mtu anaweza kukata michango," ni kweli, ila masharti ya nani anayepokea na unapata nini hayajalegezwa.

Kwa hiyo tunzeni ushahidi wa zaka. Kanisa, kama ulivyo msikiti, halilazimiki kuomba 501(c)(3) ili litambuliwe, na unaweza usilikute kwenye orodha ya IRS ingawa lina haki zote. Mchango wowote wa mara moja unaofika dola 250 unahitaji barua ya kanisa lenyewe yenye kiasi na maelezo kama ulipewa kitu chochote. Rekodi ya benki peke yake haitoshi. Kama mnatoa zile 300 kwa mkupuo mmoja kila mwezi, hilo linawahusu. Barua moja ya mwisho wa mwaka inayoorodhesha michango yote inatosha, mradi muwe nayo kabla ya kuwasilisha ritani.

Kadi ya makumbusho iko katikati. Makumbusho mengi ni 501(c)(3), na uanachama wa mwaka wa dola 75 au pungufu una nafuu yake: manufaa ya kawaida kama kiingilio cha bure, maegesho na punguzo dukani hayahesabiwi, kwa hiyo ada nzima inahesabika mchango. Yako ni 120. Mtu akilipa zaidi ya dola 75, sehemu zawadi na sehemu manunuzi, shirika linalazimika kumwandikia makadirio ya thamani ya alichopewa. Tafuta ile barua pepe ya kukukaribisha, mara nyingi kiasi kimo mwishoni kwa herufi ndogo. Wakisema manufaa ni dola 90, mchango wako ni 30.

Chama chako cha wauguzi ni habari mbaya. Wewe ni mwajiriwa, na gharama za kazi ambazo mwajiriwa hulipa mfukoni mwake, zikiwemo ada za vyama vya taaluma na vya wafanyakazi, ziliondolewa kwenye makato ya shirikisho kuanzia 2018. Wengi walikuwa wakisubiri zirudi baada ya 2025. Sheria hiyo hiyo ya Julai imezifungia nje moja kwa moja. Mlango uliobaki ni mwajiri: hospitali ikiwa na utaratibu rasmi wa kurudishia wafanyakazi gharama kwa risiti, inaweza kukulipia ada hiyo na pesa hizo zisihesabiwe kuwa mshahara. Uliza ofisi ya rasilimali watu. Watu wengi hawaulizi.

Mume wako ndiye mwenye bahati hapa. Anajitegemea, hivyo ada ya chama cha wenye malori haihitaji kuwa sadaka. Ni gharama ya biashara, na inakwenda Jedwali C, lile la mapato na gharama za biashara. Haimhitaji aorodheshe makato, na inapunguza hata ile kodi ya kujiajiri ya asilimia 15.3. Kuna kipande kimoja tu cha kuondoa. Vyama vya aina hii hushawishi wabunge, na sehemu ya ada inayokwenda huko haikatwi. Chama huandika asilimia hiyo kwenye ankara. Wakiandika 15, basi katika dola 300 anakata 255. Ila asijaribu kupitisha huko klabu ya starehe kwa kisingizio kwamba alikutana na wateja. Ada za vilabu vya namna hiyo zimefungiwa tangu 1994.

Dola 500 za shule ya kijijini hazikatwi, kwa sababu zilikwenda moja kwa moja kwa taasisi ya nje ya Marekani. Angezitoa kwa shirika la Marekani lenye 501(c)(3) linalosaidia shule kama hizo na lenye uamuzi wake wenyewe juu ya matumizi ya pesa, zingehesabika.

Turudi kwa mzee, maana najua hilo ndilo linalokunyima usingizi.

Usimjibu kwenye kundi. Nenda kwake na mume wako, jioni ambayo hana wageni, umwamkie kama siku zote. Usianze na sheria. Anza na jina lake: mwambie barua hizo zitatoka na jina la jumuiya yake, na mwanachama mmoja tu akiitwa ataulizwa aliyempa barua ni nani, na jibu litakuwa yeye na wewe. Kisha mwombe karatasi tatu. Ya kwanza ni barua ya IRS ya kuthibitisha msamaha, inayotaja kifungu. Ya pili ni katiba ya jumuiya. Ya tatu ni taarifa za kila mwaka za miaka mitatu iliyopita. Kikundi kidogo ambacho kwa kawaida mapato yake hayazidi dola 50,000 hujaza ile fupi ya mtandaoni, Fomu 990-N. Nakusisitizia hiyo ya tatu kwa sababu shirika lisiloijaza miaka mitatu mfululizo hufutiwa msamaha moja kwa moja, bila kesi, na vikundi vyetu vingi vinaanguka hapo. Viongozi wanabadilika, aliyekuwa na nywila anahamia jimbo jingine, basi. Kabla hujaenda, tafuta jina la jumuiya kwenye orodha ya mashirika yaliyosamehewa iliyoko kwenye tovuti ya IRS. Inaonyesha pia waliofutiwa.

Mpelekee na kitu cha kumpa matumaini. Kama jumuiya inataka kweli michango inayopunguza kodi, muanzishe chombo cha pembeni chenye kazi ya hisani tu, mathalani ufadhili wa masomo kwa vijana wanaochaguliwa kwa vigezo vya wazi na si kwa udugu, chenye akaunti yake. Chombo kidogo kinaweza kutumia fomu fupi ya maombi, 1023-EZ, ambayo ada yake ni dola 275. Mfuko wa msiba ubaki ulipo, na uendelee kuitwa mfuko wa msiba.

Stakabadhi unaweza kuandika, tena uandike vizuri. Weka maneno haya: "Tumepokea dola 240, ada ya uanachama ya mwaka. Malipo haya si mchango wa hisani unaoweza kukatwa kwenye kodi ya mapato ya shirikisho." Na kwa sababu tangazo la awali lilikwenda kwa wote, masahihisho yaende kwa wote, yatoke kwa mwenyekiti mwenyewe ili asionekane amesahihishwa na katibu wake. Mwandikie rasimu: "Ndugu zangu, tumefuatilia suala la ada na kodi. Ada zetu na michango ya misiba havikatwi. Aliyetaka kuzitumia kwenye ritani asizitumie." Bila maelezo marefu. Maelezo marefu kwenye WhatsApp huzaa wanasheria.

Akikataa kabisa, huwezi kumshika mkono asisaini mwenyewe. Lakini muhtasari wa kikao uonyeshe kwamba katibu alieleza kwa nini hakusaini, na ubaki na nakala nyumbani. Cheo cha ukatibu kikikuponyoka kwa hilo, acha kiende. Kumheshimu kwako aliyekupokea hakuko kwenye saini, na sidhani mzee aliyewalaza kwake bila kuwadai atakukatia mguu kwa sababu hii.

Huyo ndugu wa dola 900 asikutishe wala asikushawishi. Kwa kawaida IRS ina miaka mitatu tangu ritani iwasilishwe ya kurudi kuidai, kwa hiyo kutoulizwa hadi leo si kibali. Kama aliorodhesha makato na kuziweka humo, anaweza kuirekebisha mwenyewe kwa Fomu 1040-X kabla hajaitwa. Na kama katika miaka hiyo mitatu alichukua punguzo la kawaida, basi dola zake 900 hazikumpunguzia hata senti, na hana cha kurekebisha.